Sudoku: Fumbo la Marekani lenye jina la Kijapani

WASOMAJI wengi wa magazeti hudhani kwamba Sudoku, fumbo maarufu la tarakimu, lilibuniwa Japani. Jina ndilo la huko. Fumbo lenyewe lilianzia Marekani, na aliyelibuni alifariki kabla ya ulimwengu kulifahamu.

Kanuni zake ni chache. Miraba 81 hugawanywa katika visanduku tisa, na mchezaji huijaza tarakimu 1 hadi 9 bila kurudia yoyote katika mstari, safu wala kisanduku. Hakuna kujumlisha wala kutoa. Hata herufi tisa zingetosha.

Katika karne ya 18, mwanahisabati Leonhard Euler, mzaliwa wa Uswisi, alichunguza majedwali ambamo alama hazirudiwi katika mistari wala safu. Sharti la visanduku liliongezwa mwaka wa 1979, jarida moja la kampuni ya Dell, Marekani, lilipochapisha fumbo lililoitwa Number Place.

Mtunzi hakutajwa kando ya fumbo. Baadaye ilibainika kwamba jina la Howard Garns, msanifu majengo mstaafu kutoka jimbo la Indiana, lilikuwa katika orodha ya wachangiaji kila fumbo hilo lilipotokea, na lilikosekana lisipokuwepo. Garns alifariki mwaka wa 1989.

Mnamo 1984, kampuni ya Nikoli ya Japani ilianza kulichapisha. Mwasisi wake, Maki Kaji, alilipa jina refu lenye maana kuwa tarakimu sharti ziwe kapera, yaani kila moja ikae peke yake. Jina hilo likafupishwa kuwa Sudoku. Kwa kuwa Nikoli ililisajili nchini humo, wachapishaji wengine wa Japani wakabaki na lile la Kiingereza, huku mataifa mengine yakitumia la Kijapani.

Aliyelieneza ni Wayne Gould, raia wa New Zealand aliyekuwa jaji Hong Kong. Alikuta kitabu cha mafumbo hayo jijini Tokyo mwaka wa 1997, akatumia miaka sita kuunda programu ya kompyuta ya kuyatunga. Gazeti la The Times la London lilichapisha la kwanza Novemba 12, 2004. Mashindano ya kwanza ya dunia yakafanyika Lucca, Italia, mwaka wa 2006.

Kaji alipofariki mwaka wa 2021, vyombo vya habari vya mataifa mengi vilimwomboleza kama mlezi wa Sudoku. Sifa hiyo alistahili. Garns, aliyelizaa fumbo hilo, aliachiwa mstari mmoja tu katika orodha ya wachangiaji.