Marathoni Ipi, na Mwezi Gani? Hesabu za Wakimbiaji wa Jumapili

Tangu Alphonce Simbu ampite Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu tu za mia za sekunde kule Tokyo, Septemba 15 mwaka wa 2025, kikundi chetu cha kukimbia hapa Leicester kimetoka watu wanne hadi tisa. Wote wawili waliandikiwa saa 2:09:48, na ikabidi picha iamue. Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza katika mashindano ya dunia ya riadha. Jumapili iliyofuata, watu ambao nilikuwa nawaona harusini na msibani tu walijitokeza Victoria Park na viatu vipya, na swali likawa moja: tunakimbia marathoni gani?

Mimi ni muuguzi wa wodi. Nilisomea stashahada nyumbani, nikamalizia shahada huku, na nimekimbia marathoni tatu kwa mwendo ambao Simbu angeweza kumaliza, akaoga, akala, na kurudi kunishangilia. Kwa hiyo si kocha. Lakini nimewasikiliza wenzangu wakichagua mbio kwa wiki sita sasa, na naona mambo yanayowahusu watu wetu hayamo katika ratiba hizi za mazoezi zinazouzwa.

Wengi walianza na London. Ni kawaida, ndiyo inayoonekana kwenye televisheni. Ila kwa London Marathon ya Aprili 26, 2026 waliojiandikisha kwenye bahati nasibu ni zaidi ya watu milioni moja na laki moja, na mwaka 2025 waliomaliza mbio hizo walikuwa elfu hamsini na sita na kitu. Piga hesabu mwenyewe. Katika kikundi chetu amepata mmoja tu, kijana mwanafunzi kutoka Bukavu, ambaye hata hakumbuki aliomba lini. Njia nyingine ni kukimbia kwa niaba ya shirika la hisani, na mengi yanataka uchangishe pauni 2,000 au zaidi. Sina neno na hisani. Ila kwa mtu ambaye kila mwezi anatuma ada ya shule Muheza au Kakamega, kuahidi pauni 2,000 ni mzigo juu ya mzigo, na wanaoombwa kuchangia ni walewale waliochanga kwenye msiba mwezi uliopita.

Tukatazama Manchester, Aprili 19. Njia yake ni tambarare kuliko nyingi za Uingereza, na nafasi hupatikana bila kubahatisha. Watano wakalipa usiku uleule.

Hapo ndipo dada mmoja wa Mombasa, mama wa watoto watatu, alipofungua kalenda ya simu yake. "Jamani, na Ramadhani je?" Ramadhani ya 2026 inatarajiwa kuanza karibu na Februari 18 na kumalizika karibu na Machi 20. Anayekimbia katikati ya Aprili hufanya zile mbio ndefu kuliko zote, za kilomita 26, 29, 32, ndani ya mwezi huohuo wa Machi. Ratiba za Kizungu hazilijui hilo. Na kwa kuwa mwezi unarudi nyuma kwa siku kumi hivi kila mwaka, mbio za Aprili zitaendelea kugongana na mfungo kwa muda.

Inawezekana kufunga na kujiandaa, wapo waliofanya hivyo. Mfungo wa Machi hapa Uingereza ni kama saa kumi na tatu, si zile saa kumi na nane za miaka ya Ramadhani ya Juni. Mbio fupi za polepole unaweza kuzifanya nusu saa kabla ya futari, ili ukimaliza tu tende na maji viko mezani. Mbio ndefu zinafaa usiku, baada ya tarawehe, ukiwa umekula na kunywa, na si peke yako gizani. Kinachoumia ni usingizi. Ukikimbia hadi saa sita usiku, uamke daku saa kumi, kisha uende kazini saa moja, mwili unajenga nini hapo? Ushauri wangu kwa anayefunga na anayekimbia marathoni yake ya kwanza ni mmoja, na nimeusema mpaka wamenichoka: chagua ya Septemba au Oktoba. York iko Oktoba na haina vilima vya kutisha. Berlin iko Septemba, tambarare kabisa, ingawa nayo ni ya bahati nasibu. Mazoezi yanafanyika kiangazi, mchana mrefu, njia kavu. Dada wa Mombasa amechagua York. Mwenzake anayefunga pia amebaki na Manchester, amepanga kutembea na kukimbia kwa zamu, na anajua hatatafuta muda mzuri.

Wasomaji wa Ghuba, hesabu zenu ni tofauti. Mbio za Muscat na Dubai huwa karibu na mwanzo wa mwaka, hali ya hewa ikiwa nzuri na mfungo haujafika. Shida ni kwamba mazoezi yanaanza joto la Oktoba, kabla ya alfajiri au hakuna. Na walio Marekani waangalie muda wa mwisho wa kumaliza kabla ya kulipa. Chicago wanakupa saa sita na nusu. Berlin ni saa sita na robo. London wana subira zaidi. Kwa mtu wa mwendo wangu hilo ni jambo la kwanza kulisoma, kabla hata ya bei.

Kulikuwa na waliotaka Kilimanjaro Marathon, na moyo wangu uko nao. Kurudi nyumbani, kulala kwa shangazi, kukimbia Moshi mlima ukiwa umekukalia pale juu. Mbio hizi zipo tangu 2003 na huwa mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Lakini mtu anayetoka baridi ya Leicester, nyuzi 4, akashuke KIA siku tatu kabla, akute joto la Moshi na kile kipando cha kuelekea Mweka katika nusu ya pili? Mwili huchukua siku kumi hadi kumi na nne kuzoea joto. Kama huna likizo hiyo, kimbia nusu marathoni, ufurahie, ukale mtori. Hata hapa London, Aprili 2018, joto lilifika nyuzi 24.1, rekodi ya mbio hizo, na watu waliokuwa wamefanya mazoezi kwenye barafu majira yote ya baridi walitaabika kweli.

Sasa nije kwenye kile kinachonifanya niandike.

Kati ya tisa wetu, watatu tu ndio waliokuwa wamepima presha mwaka huu. Nikaleta mashine yangu Jumapili ya pili, tukapimana kwenye benchi kama kliniki ya mama na mtoto, kwa vicheko. Wawili walikuwa juu, mmoja juu sana. Presha haimzuii mtu kukimbia milele, na mazoezi yenyewe ni sehemu ya dawa. Lakini iwe imejulikana na imedhibitiwa kwanza, siyo igunduliwe kilomita ya 35.

Dada anayelea wazee, mwenyeji wa Kisumu, alikuwa analalamika kwamba kila wiki anazidi kuwa mzito badala ya mwepesi. Anahema kwenye ngazi. Alidhani ni zamu za usiku. Nikamuuliza kuhusu hedhi yake, maana wanaume walikuwa wametangulia mbele, akasema ni nzito tangu azae. Damu ikapimwa kwa GP: akiba ya madini ya chuma imekwisha kabisa. Amepewa vidonge. Hapa niseme jambo la jikoni kwetu: chai. Tunakunywa chai na chakula, asubuhi, mchana, jioni, na chai huzuia mwili kuchukua madini ya chuma. Vidonge vimezwe na maji au juisi ya chungwa, na chai ingoje saa moja au mbili. Alinitazama kana kwamba nimemwambia aache kupumua.

Selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyosema, ni jambo jingine la kwetu. Sizungumzii ugonjwa wenyewe, bali kubeba vinasaba vyake kutoka kwa mzazi mmoja. Wengi wa Pwani na wa kandokando ya Ziwa wanavyo bila kujua, kwa sababu hawaugui. Wanaweza kukimbia marathoni, na wanakimbia. Lakini mwili ukisukumwa kwa nguvu kupita uwezo, kwenye joto na bila maji ya kutosha, misuli inaweza kuharibika vibaya na figo zikaumia. Kwa hiyo waanze taratibu, wasishindane kwenye vilima, na wakisikia maumivu ya misuli yasiyo ya kawaida pamoja na kuishiwa nguvu ghafla, wasimame na kuomba msaada palepale. Kipimo ni cha damu tu.

Na maji yenyewe yana kipimo chake. Watu wameambiwa "kunywa, kunywa" mpaka imekuwa hatari. Wakimbiaji 488 walipimwa damu baada ya Boston Marathon ya 2002, na asilimia 13 chumvi ya damu yao ilikuwa imeshuka, hasa walioongezeka uzito njiani kwa kunywa kupita kiasi. Chumvi ikishuka sana ubongo huvimba. Wanaotembea kwa saa tano na sita ndio walio hatarini zaidi, kwa kuwa wana muda wa kusimama kila meza. Kunywa kwa kiu yako. Dawa za maumivu kama ibuprofeni usizimeze asubuhi ya mbio, kwa sababu zinazibana figo wakati zinahitaji damu zaidi.

Mazoezi yenyewe nitayapitia haraka, si uchawi. Wiki kumi na sita hadi ishirini kwa anayeweza tayari kukimbia kilomita 10. Siku tatu au nne kwa wiki, moja ikiwa ndefu. Hiyo ndefu iongezeke kidogo kidogo, kila wiki ya nne uishushe, ifike kilomita 30 au 32 wiki tatu kabla ya siku yenyewe, kisha upunguze. Mwendo uwe wa kuweza kusimulia habari ndefu bila kukatika pumzi. Kama huwezi, unakimbia kasi mno. Anayefanya zamu za usiku asikimbie mbio ndefu akitoka kazini asubuhi. Alale, aihamishe kesho. Chakula hakihitaji duka maalumu: uji, viazi vitamu, ndizi, wali, ugali usiku wa kuamkia. Tende mbili kila dakika arobaini zinafanya kazi ya zile jeli za bei, mradi tumbo lako umelizoesha mapema. Vitamini D, kwa ngozi zetu katika nchi hizi zisizo na jua, mikrogramu 10 kwa siku mwaka mzima ndiyo inayoshauriwa hapa Uingereza, na mifupa ya mkimbiaji inaihitaji.

Nimemwacha mmoja kwa makusudi. Ni kaka wa Tanga, miaka 48, dereva wa teksi, mmoja wa wale watano waliolipia Manchester. Ameniruhusu nimwandike bila jina. Presha yake ndiyo ile iliyokuwa juu sana. Alikuwa anatumia dawa akikumbuka. Tulipopeleka mazoezi kwenye vilima vya Bradgate Park, nilimwona akisimama kila kipando akijifanya anafunga kamba za viatu. Mkewe ndiye aliyenipigia simu jioni: "Dada, kifua kinambana akipanda ngazi, na akipumzika kinaachia. Ameniapisha nisikwambie."

Kaka yake mkubwa alianguka msikitini akiwa na miaka 51.

Nilimpigia. Nikaanza na shikamoo, maana nilijua nitakayoyasema baada ya hapo hayana adabu. Kifua kinachobana ukijitahidi na kuachia ukipumzika ni dalili ya mishipa ya moyo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hakuna kukimbia tena, hata kilomita moja, mpaka uonwe. Kikibana umekaa na kisiachie, ni 999, siyo GP. Alinyamaza. Kisha akasema, "Lakini nimeshalipa, na watoto nimeshawaambia."

Alikwenda. GP alimpeleka kliniki ya maumivu ya kifua ndani ya wiki mbili, wakamwandikia dawa, na sasa anasubiri kipimo cha CT cha mishipa ya moyo. Huenda akakimbia York mwaka ujao, huenda asikimbie kamwe. Daktari hajasema na mimi sitasema kabla yake. Kuhusu Manchester, ada yake hajaidai.

Dawa anazimeza sasa, mkewe akimtazama. Jumapili iliyopita alikuja na gari lake, akaegesha kwenye lango la Victoria Park, akatutunzia makoti na kutuhesabia muda. Anatupigia kelele za Kitanga tukichelewa. Mashine ya presha inakaa naye siku hizi, na kila mgeni anayejitokeza na viatu vipya hupimwa na yeye kwanza.