Gredi ya C Peke Yake Haitoshi Kuingia Chuo



Kila mwaka matokeo ya KCSE yakitoka, vikundi vyetu huombwa msaada wa karo. Mtoto amepata C, wazazi wamefurahi, harambee imepangwa. Lakini tuulize kwanza: hiyo C imetoka katika masomo gani?

Tuchukue mfano wa binti anayetaka kuwa nesi. Kwa diploma ya unesi katika vyuo vya KMTC, wastani wa C ni kubisha hodi tu. Wanataka pia C ya Kiingereza au Kiswahili, C ya Biolojia, na angalau C- katika mojawapo ya Kemia, Fizikia au Hisabati. Sasa huyu binti akiwa na D+ ya Biolojia hachukuliwi, hata kama tumeshachanga karo yote.

Wengine watashangaa, mtu atapataje wastani mzuri na sayansi mbaya? Yawezekana sana. Tangu 2023 wastani wa KCSE huhesabiwa kwa Hisabati, lugha moja aliyoifanya vizuri zaidi, na masomo mengine matano yaliyo bora. Aliyefanya masomo manane, moja linaachwa nje. Kama lililoachwa ni Biolojia, wastani unang'aa na mzazi haoni shida mpaka siku ya kujaza fomu za chuo.

Na tusiharakishe kumlaumu mtoto. Mtihani wa Biolojia, Kemia au Fizikia una karatasi tatu, na ile ya tatu hufanywa kwa mikono, maabara. Hiyo peke yake ni alama 40. Mtoto anayeshika bureti mara ya kwanza siku ya mtihani atafanya nini? Vikundi vyetu vimenunua viti na mahema ya kukodisha, na ni vizuri. Twaweza pia kununulia shule ya karibu vyombo vichache vya maabara, au tuwatume wazazi wawili watatu wamwulize mwalimu mkuu kwa heshima: muhula huu watoto wameingia maabara mara ngapi?

Kundi la mwisho la 8-4-4 ni la KCSE ya 2027. Wadogo wao wa CBC, ambao wa kwanza waliingia Gredi ya 10 Januari 2026, huchagua njia mapema zaidi, wakiwa bado Gredi ya 9. Anayetaka kazi ya hospitali au uhandisi achague ile ya sayansi, inayoitwa STEM. Halafu mzazi ahakikishe shule hiyo ina walimu wa Biolojia na Kemia kweli, siyo kwenye karatasi tu.

Kwa aliyekwisha maliza, kikundi kisitoe hata shilingi kabla hajaleta matokeo ya kila somo pamoja na masharti ya kozi kutoka chuo chenyewe. Mweka hazina aketi naye wayasome mstari kwa mstari. Broka akisema ana njia ya kumwingiza kwa unesi bila Biolojia, mpeni chai aende zake. Mwanafunzi wa unesi ni lazima aandikishwe na Baraza la Wauguzi, na asiyetimiza masharti haandikishwi. Atasoma miaka mitatu, karo italipwa yote, na mtihani wa leseni hataufanya.