Mpangilio wa Msimbo kama Ushahidi wa Muundo: Nafasi ya Vipanga-Msimbo vya Kiotomatiki katika Ulinganifu wa Mtindo wa Programu

1.0 Utangulizi

Mwezi Februari 2014, kampuni ya Apple ilitoa marekebisho ya haraka ya mfumo endeshi wa simu zake baada ya kugundulika hitilafu katika sehemu ya msimbo inayothibitisha usalama wa mawasiliano ya intaneti. Chanzo cha hitilafu hiyo kilikuwa mstari mmoja uliojirudia. Muundo wake unaweza kuoneshwa kwa mfano (1), ambao umerahisishwa na kupewa majina ya Kiswahili:

(1)
    if ((kosa = ongeza(data)) != 0)
        goto mwisho;
        goto mwisho;
    kosa = thibitisha(saini);

Katika lugha ya C, sharti la "if" lisilofuatwa na mabano hutawala sentensi moja tu. Kwa hiyo "goto" ya kwanza ndiyo pekee iliyo chini ya sharti. Ya pili hutekelezwa kila mara, liwe liwalo. Matokeo yake ni kwamba mstari unaothibitisha saini ya kidijitali haufikiwi kamwe, na kwa kuwa kigeu "kosa" bado kina thamani ya 0, kitendakazi hutoa taarifa kwamba kila kitu kiko sawa. Mtu aliyeweza kujipenyeza katikati ya mawasiliano angeweza kujifanya tovuti inayoaminika bila simu kung'amua.

Jambo linaloihusu makala hii ni namna kosa hilo lilivyojificha. Mistari yote miwili ilikuwa na jongezo lilelile, yaani nafasi tupu zilezile kabla ya neno la kwanza. Jicho la msomaji liliambiwa kwamba yote miwili iko chini ya sharti, ilhali kompaila, ambayo katika C haizingatii nafasi tupu, ilisoma jambo tofauti kabisa. Msimbo huohuo ukipitishwa katika kipanga-msimbo cha kiotomatiki huonekana kama ifuatavyo:

(2)
    if ((kosa = ongeza(data)) != 0)
        goto mwisho;
    goto mwisho;
    kosa = thibitisha(saini);

Kipanga-msimbo hakikugundua kosa lolote. Kimeuweka tu kila mstari mahali unapostahili kwa mujibu wa sarufi ya lugha, na "goto" ya pili imebaki peke yake, haina pa kujificha. Hoja inayotetewa katika makala hii ni kwamba thamani kuu ya zana hizi si urembo wa msimbo bali uaminifu wa mpangilio wake: kile ambacho jicho linaona kinatokana na muundo halisi wa programu, si na mazoea wala uchovu wa aliyeiandika.

Hata hivyo, itakuwa ni kutia chumvi kudai kwamba zana hii peke yake ingezuia kadhia ya 2014. Bado angehitajika mhakiki wa kuutazama mstari uliohama na kuuliza umefikaje pale. Zipo pia kinga nyingine, kama vile kanuni ya kuweka mabano katika kila sharti, au onyo la kompaila. Kompaila ya GCC, kuanzia toleo la 6 la mwaka 2016, hutoa onyo pale jongezo linapopotosha.

2.0 Namna Kipanga-Msimbo Kinavyofanya Kazi

Zana za kupanga msimbo si ngeni. Programu iitwayo indent, ya kupanga msimbo wa lugha ya C, ilikuwa sehemu ya mfumo wa Unix wa BSD tangu miaka ya 1980. Kilichobadilika ni misingi ya kinadharia na, zaidi ya hapo, nafasi ya zana hizi katika kazi ya kila siku.

Kipanga-msimbo cha kawaida husoma faili lote na kulichanganua kuwa mti wa sintaksia. Mti huo unafanana sana na mchoro matawi ambao wanaisimu huutumia kuchanganua sentensi: kiima na kiarifu vina nafasi zake, na nafasi hizo hazibadiliki hata sentensi ikiandikwa kwenye mistari miwili badala ya mmoja. Baada ya mti kupatikana, mpangilio wa awali kwa sehemu kubwa hutupwa, na msimbo huandikwa upya kutoka kwenye mti kwa kufuata kanuni zilizowekwa. Maoni ya mwanaprogramu, ambayo kompaila huyapuuza, ni lazima yabebwe pamoja na mti, na hapa ndipo watengenezaji wa zana hizi hupata taabu kubwa, kwa sababu maoni yanaweza kuandikwa karibu popote na sarufi haisemi ni ya tawi lipi.

Ugumu mwingine ni kuamua mahali pa kukata mstari mrefu. Mwaka 1980 Derek Oppen alichapisha algorithimu inayofanya uamuzi huo kwa muda unaokua sambamba na urefu wa maandishi, bila kujaribu kila uwezekano. Baadaye Philip Wadler alilishughulikia tatizo hilohilo kwa mtazamo wa lugha za vitendakazi, na makala yake ndiyo msingi wa Prettier, zana iliyotangazwa na James Long mwaka 2017 kwa ajili ya JavaScript. Si zana zote zinazofuata njia hii. Clang-format, inayotumika zaidi kwa C na C++, haisubiri uchanganuzi kamili. Hugawa msimbo katika vipande vidogo vya kileksika, huipa kila njia ya kukata mstari adhabu yake, kisha hutafuta njia yenye adhabu ndogo zaidi. Faida yake ni kwamba inaweza kupanga hata msimbo ambao haujakamilika. Hasara yake ni kwamba huweza kukisia vibaya, hasa panapokuwa na makro. Gofmt nayo haina kikomo cha urefu wa mstari. Kwa kiasi kikubwa huacha mistari pale mwandishi alipoikata, na hushughulika na jongezo na ulinganifu wa safu.

Sifa mbili hupaswa kudaiwa kwa kila zana ya aina hii. Ya kwanza ni kwamba maana ya programu isibadilike. Black, zana ya lugha ya Python iliyoanzishwa na Łukasz Langa mwaka 2018, hulichukulia sharti hili kwa uzito: baada ya kupanga faili, huchanganua upya msimbo wa awali na ule mpya, hulinganisha miti yake, na hukataa kuandika chochote ikiwa miti hiyo inatofautiana. Sifa ya pili ni uthabiti, yaani kulipanga faili lililokwisha kupangwa kusilete badiliko lolote. Bila sifa hii, wanaprogramu wawili wanaopokezana faili moja wangekuwa wakihamisha nafasi tupu huku na huko bila kikomo.

3.0 Suala la Uhuru wa Kuchagua

Miongozo ya mtindo ilikuwapo kabla ya zana hizi kuenea. Mwongozo wa Python uitwao PEP 8 ulianza mwaka 2001 na ulipendekeza, pamoja na mambo mengine, mistari isiyozidi herufi 79. Tatizo la mwongozo ni kwamba unahitaji mtu wa kuusimamia. Katika uhakiki wa msimbo, mwanaprogramu mmoja humwandikia mwenzake kwamba mabano yamekaa vibaya au kwamba nafasi imekosekana baada ya mkato. Mwenzake hujibu, na mjadala uliopaswa kuhusu usahihi wa algorithimu huishia kwenye alama za uakifishaji. Mwanaprogramu chipukizi huumia zaidi, kwani hawezi kutofautisha maelekezo ya lazima na upendeleo wa mhakiki.

Lugha ya Go, iliyotangazwa na Google mwezi Novemba 2009, ilichukua hatua ambayo wakati huo haikuwa ya kawaida: ilitolewa pamoja na gofmt, na zana hiyo haikuwapa watumiaji fursa ya kuchagua mtindo. Jongezo ni la tabo, basi. Black ilifuata msimamo huohuo kwa Python. Mipangilio yake ni michache mno, na urefu wake wa kawaida wa mstari ni herufi 88. Clang-format iko upande wa pili. Ina mitindo kadhaa iliyo tayari, ikiwamo ile ya LLVM, Google na Mozilla, na juu yake kuna orodha ndefu ya vipengele ambavyo mradi unaweza kuvirekebisha kimoja kimoja.

Kwa kuzingatia hoja ya makala hii, msimamo wa gofmt na Black una nguvu zaidi, angalau kwa miradi mipya. Kila kipengele kinachoachwa wazi hugeuka ajenda ya kikao. Zaidi ya hayo, mtindo unaotofautiana kutoka mradi hadi mradi humlazimu msomaji kuzoea upya kila anapohama. Utetezi wa clang-format upo lakini ni wa kihistoria: C na C++ zilikuwa na miradi mikubwa yenye mitindo iliyokomaa kwa miongo, na zana isiyokubali mitindo hiyo isingepata watumiaji.

Ili kanuni iwe na meno, ukaguzi wake huwekwa kwenye seva inayopokea mabadiliko. Amri "black --check" haibadilishi faili. Hutoa tu ishara ya kushindwa pale inapokuta faili lisilopangwa, na badiliko hilo hurudishwa kabla mtu hajapoteza muda kulisoma.

4.0 Gharama kwa Kumbukumbu za Msimbo

Pingamizi zito zaidi dhidi ya vipanga-msimbo linahusu miradi mikongwe. Mfumo wa Git huhifadhi kumbukumbu ya nani aliandika mstari upi, lini na kwa sababu gani. Mtafiti wa programu, na vilevile mhandisi anayetafuta chanzo cha hitilafu, huitegemea kumbukumbu hiyo kama mwanahistoria anavyotegemea nyaraka. Mradi mzima unapopangwa upya kwa siku moja, maelfu ya mistari huandikwa jina la mtu mmoja ambaye kwa hakika hakuitunga.

Git toleo la 2.23, lililotolewa mwezi Agosti 2019, lilileta ufumbuzi wa sehemu: mradi unaweza kuorodhesha katika faili maalumu mabadiliko ambayo amri ya "blame" itayaruka. Mradi wa Django ni mfano mzuri wa subira katika jambo hili. Pendekezo la kutumia Black lilikubaliwa mwaka 2019, lakini utekelezaji ulisubiri hadi Black ilipotoa toleo lake la kwanza thabiti mwezi Januari 2022. Mwezi uliofuata msimbo wote ukapangwa, na badiliko hilo likaorodheshwa miongoni mwa yale ya kurukwa. Sharti la msingi ni kwamba badiliko la kupanga lisichanganywe na badiliko la maana. Yakichanganywa, mhakiki hawezi kuliona la pili, na hatari iliyoelezwa katika mfano (1) hurejea kwa mlango mwingine.

5.0 Mipaka

Kipanga-msimbo hakijui kama jina la kigeu linaeleweka, kama maoni bado ni ya kweli, au kama kitendakazi kimekuwa kirefu kupita kiasi. Katika Python kuna mpaka wa kipekee. Jongezo katika lugha hiyo ni sehemu ya sarufi. Mstari uliosogezwa kimakosa ndani ya sharti umekwisha kuwa ndani ya sharti, na Black itauacha hapohapo kwa uaminifu wote. Kinga iliyooneshwa kwa C haipatikani hapa, kwa kuwa hakuna muundo mwingine wa kulinganisha na kile jicho linachokiona.

Vilevile, upo msimbo ambao mpangilio wake wa mkono hubeba maana isiyokuwamo kwenye mti: matriki iliyoandikwa safu kwa safu, au jedwali la thamani ambalo msomaji hulikagua kwa kushuka wima. Zana nyingi huruhusu sehemu hiyo kuzungushiwa maoni ya kuzuia upangaji. Kwa Black ni "# fmt: off" na "# fmt: on". Mhakiki anayekutana na alama hizo ana haki ya kudai sababu iandikwe kando yake.