Jimbo moja, magavana wawili!

UMEWAHI kusikia jimbo lenye magavana wawili kwa mpigo? Basi, msomaji wangu, kasheshe hilo lilitokea Rhode Island, Marekani, mwaka 1842.

Wamarekani walijitangazia uhuru 1776, lakini kajimbo hako kaliendelea kutawaliwa kwa hati aliyoitoa Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza mwaka 1663! Kupiga kura ilikuwa shurti uwe na ardhi au nyumba ya dola 134, au uwe mtoto wa kwanza wa kiume wa mwenye nayo. Mfanyakazi wa kiwandani anayeishi kwa kupanga? Akae pembeni atazame.

Akajitokeza Thomas Wilson Dorr, mwanasheria, mtoto wa kizito aliyesoma Harvard. Mwaka 1841 yeye na walalahoi wakaitisha mkutano, wakaandika Katiba ya Wananchi na kuipigia kura bila kuomba ruhusa ya mtu. Karibu watu 14,000 wakaikubali. Aprili 1842 wakamchagua Dorr kuwa gavana. Vigogo nao wakamrudisha wa kwao, Samuel Ward King. Hapo ndipo mambo yalipoiva.

Mei, usiku wa manane, Dorr na watu wake wakaenda kuteka ghala la silaha mjini Providence. Mizinga yao ikagoma kulipuka! Na ndani ya ghala, miongoni mwa walinzi, alikuwemo baba yake mzazi. Jamaa wakatawanyika, kila mtu kivyake. Mwaka 1844 Dorr akafungwa maisha kwa uhaini. Aliachiwa 1845, afya imekwisha, akafariki 1854.

Lakini usimlilie upesi. Hiyo Katiba ya Wananchi iliwapa kura wanaume weupe tu. Dorr aliwapinga wenzake kwa hilo, wakamzidi. Weusi, walionyang'anywa kura tangu 1822, wakaona hapa hakuna chao, wakaungana na vigogo kuilinda serikali. Vigogo wakawalipa: katiba mpya iliyoanza 1843 ikawarudishia kura, na masharti yakalegezwa hata kwa wazawa wasio na ardhi. Wahamiaji ndio walioendelea kudaiwa mali hadi 1888.

Kwa hiyo wakishaanza kukwambia "tudai ya kwetu kwanza, wengine watafuata", waulize hao wengine ni nani. Dorr angekuwepo angekwambia: uliyemwacha nje unaweza kumkuta upande wa pili, na bunduki yake inalipuka.