Seli Milioni 10, Siku 336: Gharama ya Kano Iliyojeruhiwa

Miaka ya 1920, Beryl Markham, mkufunzi wa farasi aliyekulia Njoro, alikabidhiwa Wise Child, farasi jike mwenye kano dhaifu za miguu. Alimfanyisha mazoezi kwenye udongo laini wa kando ya ziwa, na farasi huyo akashinda mbio za St Leger jijini Nairobi. Leo kano kama hizo zina tiba ya seli shina. Je, inagharimu nini?

Tuanze na farasi. Daktari huchota uboho kwenye mfupa wa kidari. Maabara huotesha seli kwa takriban wiki 3 hadi zifike kama milioni 10, kisha hudungwa ndani ya kano. Hapo ndipo gharama ndefu inapoanza: wiki 48 za mazoezi ya kupimwa, yaani siku 336. Kwa kila shilingi 100 za matunzo ya siku, mwenye farasi atatoa shilingi 33,600.

Faida ipo. Katika utafiti wa Uingereza wa mwaka 2012, kati ya farasi 105 wa mbio za kuruka vizuizi waliotibiwa hivyo, 27 waliumia tena, karibu asilimia 26. Kwa tiba nyingine, tafiti za awali zilionyesha zaidi ya nusu.

Kwa binadamu ushahidi bado ni mdogo. Jaribio la London kuhusu kano ya kisigino lilikuwa na watu 10 tu, bila kundi la kulinganisha. Kijana wa Keringet, alikokulia mkimbiaji Faith Kipyegon, asiuze ng'ombe kwa ahadi ya tiba hiyo.

Kuna hesabu nyingine. Mwaka 1998, Håkan Alfredson wa Sweden aliwapa wakimbiaji 15 wenye maumivu sugu ya kano ya kisigino zoezi la kushusha kisigino polepole kwenye kidato cha ngazi: mara 180 kwa siku, wiki 12. Hiyo ni mara 15,120. Wote 15 walirudi kukimbia. Kundi lilikuwa dogo, na kano iliyokatika ni kazi ya daktari. Lakini kidato hakina bei.

Chenye bei ni wiki hizo 12, yaani siku 84 zenyewe. Anayetaka kumwokoa mkimbiaji wa Molo au Nyahururu amlipie mtaalamu wa viungo na chakula cha siku hizo, ili njaa isimrudishe mbioni kabla kano haijapona.