Vilima vya Mchanga vya Lamu

Lamu ni mji wa pwani ya Kenya, katika kisiwa kisicho na mto. Wengi wausikia kwa ajili ya sherehe zake. Nasi leo twataka kueleza jambo ambalo wageni wa sherehe hizo hawalioni, nalo ni maji ya kunywa.

Kwanza tuseme habari za michezo. Maulidi ya Lamu, yaliyopata sifa kwa juhudi za Habib Swaleh wa Msikiti wa Riyadha, huleta watu wa pande nyingi za Afrika ya Mashariki katika Mfunguo Sita. Vijana hushindana mbio za punda kando ya bahari. Na punda akikataa kwenda, hapana awezaye kumlazimisha, ndipo watu wachekapo. Lakini mbio za mashua ndizo zipendezazo zaidi kwetu. Mabaharia hutoka nje ya chombo juu ya ubao, upande wa upepo, ili uzito wao ukizuie kisipinduke, na ashindaye ni yule aujuaye upepo.

Baada ya hayo wageni huenda Shela, mwendo wa kilomita 3 hivi, kwenye ufuo wa kiasi cha kilomita 12. Nyuma ya ufuo huo pana vilima vya mchanga, na mgeni adhani ni jangwa tupu. Sivyo. Mvua inyeshapo, mchanga huinywa upesi kabla jua halijaikausha, na maji hushuka yakakusanyika chini. Kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya kisiwa. Visima vya huko ndivyo vinyweshavyo mji wa Lamu.

Basi nyumba ijengwayo juu ya vilima hivyo huteka maji, na shimo la choo chake laweza kuyachafua yaliyobaki. Vichaka vikikatwa, upepo huuchukua mchanga wenyewe. Hata hivyo mji huu, ulioandikwa na UNESCO mwaka 2001 katika urithi wa dunia, wawahitaji wageni, maana manahodha na wenye maduka wengi hula kwa fedha zao. Shida ni kipimo. Maji yakitekwa kupita yale yarudishwayo na mvua, ya chumvi hupanda. Na kisima kilichokwisha kuingiwa na chumvi hakiponi kwa masika moja.