Kinyago Kikivuliwa: Funzo la Katuni kwa Wazazi wa Tarime na Serengeti

Watoto hupenda kuogopa wakiwa wamekaa karibu na mama. Tulilijua hilo tangu enzi za hadithi za zimwi zilizosimuliwa usiku jikoni, na leo tunalishuhudia sebuleni mbele ya runinga. Miongoni mwa katuni zilizodumu kwa mvuto huo ni Scooby-Doo, ambayo kipindi chake cha kwanza kilionyeshwa Marekani tarehe 13 Septemba 1969. Watunzi wake, Joe Ruby na Ken Spears, waliiandika wakati wazazi wa huko wakilalamikia ukatili katika katuni za Jumamosi asubuhi. Ikatafutwa njia ya kusisimua bila kumwaga damu.

Katika kipindi hicho, usiku wa mbalamwezi, vijana na mbwa wao wanakuta gari limeachwa barabarani, nalo limebeba vazi la chuma la askari wa kale. Inasemwa kwamba vazi hilo huamka na kutembea mwezi unapokuwa mpevu. Linawakimbiza ndani ya jumba la makumbusho, mpaka kofia ya chuma inapovuliwa. Kumbe ni msimamizi wa jumba, aliyekuwa akiiba michoro ya thamani na kutundika ya bandia mahali pake. Hofu ilikuwa pazia tu. Nyuma yake palikuwa na maslahi ya mtu.

Utamu wa katuni hii umo hapo. Mtoto hutetemeka, kisha hucheka, na bila kuhubiriwa hujifunza kuuliza: nani anafaidika nikiogopa?

Swali hilo lina uzito mkubwa mkoani Mara. Katika wilaya za Tarime na Serengeti, msimu wa tohara unapokaribia, aghalabu Desemba shule zikiwa zimefungwa, wapo mabinti wanaoambiwa kwamba asiyekeketwa atapatwa na laana, au mizimu itaidhuru familia yake. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Tangu 1998 sheria inahesabu kumkeketa binti aliye chini ya miaka 18 kuwa ni jinai, na nyumba salama za Mugumu na Masanga zimewapokea waliokimbia. Lakini sheria haiingii kitandani mwa binti anayekesha akiiwaza laana. Hapo anahitaji mzazi.

Hatusemi kwamba kila mzee wa mila ni mlaghai. Katuni ina mwovu mmoja anayejua uongo wake. Katika maisha, wengi wanaotisha nao walirithishwa hofu hiyohiyo. Ndiyo maana kuivua kunataka subira na hekima.

Sisi Waislamu tunaamini ghaibu, na majini ni viumbe wa Allah (s.w.). Lakini nafuu na madhara vimo mikononi Mwake, si mikononi mwa mizimu. Alipofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.), jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa msiba huo. Mtume aliwakanusha: jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu yeyote. Uvumi ule ungeweza kumtukuza, naye hakuuacha usimame. Surat al-Hujurat, aya ya 6, nayo inatuamrisha kuchunguza habari kabla ya kuitendea kazi.

Basi, ndugu wazazi, tukae na watoto wetu wanapotazama. Kabla kinyago hakijavuliwa, tuwaulize wanamshuku nani, na kwa ushahidi gani. Tuache kuwatishia majini ili walale mapema, maana aliyezoeshwa kutii kwa hofu atamtii kila mwenye kutisha. Na binti akija na habari ya laana, tusimcheke wala kumfokea. Tumketishe, tumsikilize, tumwambie waziwazi kwamba nyumbani kwake yu salama.

Allah (s.w.) atujaalie nyumba zenye imani isiyotetereshwa na vitisho. Amin.